Majina manne, mwanamke mmoja: kiwanda cha vitabu cha Tace Sowle

Chukua rundo la vitabu vya dini vilivyochapwa London kati ya mwaka 1691 na 1749 kwa ajili ya Wakweka, madhehebu ya Kikristo ya Uingereza, usome mstari wa chini kabisa wa ukurasa wa jina, pale mpiga chapa anapojitambulisha. Vya mwanzo vimeandikwa T. Sowle. Kuanzia 1706 linaingia jina J. Sowle. Miaka michache baadaye unakuta maneno marefu zaidi: vimechapwa na waliokabidhiwa haki za J. Sowle. Mwishoni, kuanzia 1739, kuna T. Sowle Raylton na Luke Hinde. Mtu asiyeijua habari hii atadhani ni ukoo mzima uliokuwa ukipokezana kiwanda, baba kwa mtoto kwa shemeji. Ukweli ni kwamba muda wote huo kiwanda kiliendeshwa na mtu yuleyule, mwanamke aitwaye Tace Sowle, aliyezaliwa 1666 na kufa 1749.

Kwa nini basi abadilishe jina mara tatu, na moja ya majina hayo liwe la mama yake? Na je, tumwite mpiga chapa, muuza vitabu au mchapishaji? Maswali haya mawili yana mzizi mmoja, na mzizi huo unatufundisha mengi kuhusu jinsi kitabu cha dini kilivyotengenezwa Uingereza wakati ule kuliko sifa zozote za mtu binafsi.

Kwanza tuwajue wateja wake. Wakweka hujiita Marafiki. Msomaji wa Kenya ya magharibi hahitaji kuelezwa sana, maana Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini Marafiki wa Uingereza ya karne ya 17 na ya 18 walikuwa watu wa namna yake. Hawakuwa na mapadri wala wachungaji wa mshahara. Waliketi kimya katika mkutano mpaka mtu aguswe na Roho ndipo aseme, na aliyesema aliweza kuwa mwanamume au mwanamke. Hawakula kiapo mahakamani, hawakumvulia mkubwa kofia, hawakulipa zaka kwa kanisa la serikali. Kila moja ya mambo hayo ilitosha kumtia mtu jela, na kweli waliingia kwa maelfu.

Watu wa kukaa kimya, lakini waliandika bila kuchoka. Kila kufungwa kwao kulizaa kijitabu cha malalamiko, kila shambulio la padri mmoja lilizaa majibu matatu. Kimya cha ibada na kelele za karatasi vilikwenda pamoja, na sioni mgongano wowote hapo. Watu wasio na mimbari walihitaji kitu kingine cha kubeba sauti yao kutoka kaunti hadi kaunti.

Ndipo tunapomkuta Andrew Sowle, baba yake Tace. Alizaliwa 1628 na alijifunza kazi kwa Ruth Raworth, mjane aliyekuwa akiendesha kiwanda chake mwenyewe London. Kwa hiyo hata kabla ya Tace, ukoo huu ulijifunza ufundi kutoka kwa mwanamke. Andrew alikuwa Mkweka, naye alichapa vitabu vya wenzake katika miaka mibaya kuliko yote. Sheria ya mwaka 1662 iliweka hesabu ya wakuu wa viwanda vya chapa London wasizidi 20, ikakataza kuchapa kitu kisichopata kibali, na ikampa mkaguzi wa serikali mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mtu kutafuta mtambo. Mwaka 1664 mpiga chapa John Twyn alinyongwa na kukatwa vipande kwa kuchapa kitabu kilichosemekana kuchochea uasi. Kumbukumbu za Marafiki zinasimulia kwamba Andrew alitishwa waziwazi kuwa atamfuata huyo ndugu yake Twyn. Mtambo wake ulivunjwavunjwa, herufi zikatawanywa, na safari moja alinyang'anywa karatasi zilizochapwa zipatazo rimu elfu moja. Inasemekana wale waliokuja kumvunjia aliwaandalia chakula, kwa kufuata agizo la Mtume Paulo la kumlisha adui mwenye njaa.

Rimu elfu moja si hasara ndogo. Katika kitabu cha zama zile, karatasi ndiyo iliyokula fedha nyingi. Herufi za risasi zilitumika tena na tena, wino haukuwa ghali sana, ila karatasi ilinunuliwa kabla hata nakala moja haijauzwa. Fundi alisimama mbele ya kasha la herufi akiziokota moja moja na kuzipanga kinyumenyume mkononi, mstari baada ya mstari. Ukurasa ukikamilika ulifungwa pamoja na mingine kwenye fremu. Kisha wanaume wawili walishika mtambo, mmoja akipaka wino kwa mipira ya ngozi, mwingine akilaza karatasi na kuvuta mkono wa chuma. Karatasi moja kubwa ilibeba kurasa nane au kumi na sita, ikageuzwa, ikapigwa upande wa pili, ikaanikwa ikauke. Herufi hazikutosha kupanga kitabu kizima na kukiacha kisubiri, kwa hiyo baada ya karatasi kadhaa fundi alizivunja na kuzirudisha kashani ili apange kurasa zinazofuata. Ndiyo maana uamuzi wa kuchapa nakala ngapi ulifanywa mwanzoni, na haukurudiwa bila kuanza kazi upya.

Sasa turudi kwenye lile swali la cheo. Wakati ule mchapishaji kama tunavyomjua leo, mtu wa ofisi anayepokea mswada, kulipia gharama na kupeleka kazi kwa wapiga chapa, hakuwa na jina lake maalumu. Kulikuwa na mpiga chapa, mwenye mitambo, na kulikuwa na muuza vitabu, mwenye duka, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoa fedha. Mstari wa chini wa ukurasa wa jina ulitofautisha: kitabu kimechapwa na fulani, kwa ajili ya fulani, kinauzwa na fulani. Shajara maarufu ya George Fox, mwanzilishi wa Marafiki, ilipotoka 1694 ilitajwa kuwa imechapwa kwa ajili ya Thomas Northcott, muuza vitabu wa George Yard, Lombard Street. Utangulizi wake mrefu, ulioandikwa na William Penn, Mkweka aliyeanzisha koloni la Pennsylvania huko Marekani, uliachwa nje ya nakala nyingi za shajara, lakini mwaka huohuo ulitoka peke yake kama kitabu kidogo kutoka kwa T. Sowle. Tace mwenyewe alifanya kazi zote tatu. Alikuwa na mitambo, alikuwa na duka, na vingi alivitoa kwa jina lake peke yake.

Hata hivyo, kumwita mchapishaji na kuishia hapo ni kumpa mamlaka ambayo hakuwa nayo. Kati ya mwandishi wa Kikweka na kiwanda cha Sowle kulikuwa na mlango, na mlango huo ulilindwa na mikutano miwili.

Wa kwanza ulikuwa Mkutano wa Asubuhi, ulioanzishwa London 1673 na kukutana kila Jumatatu. Wazee wa Marafiki walikaa wakasoma miswada kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Neno kali likapunguzwa, unabii wa hatari ukafutwa, mswada mwingine ukarudishwa kwa mwenyewe na shukrani tu. Hawakumhurumia hata Fox. Shajara yake ilipokuwa ikichapwa, kuna kurasa zilizoondolewa na kuwekwa nyingine baada ya herufi kuwa zimeshapangwa. Watu ambao miaka ya 1650 walitabiri njiani bila kumwomba mtu ruhusa, kufikia miaka ya 1690 walikuwa na kamati ya uhariri. Serikali ilipoacha sheria ya vibali ife mwaka 1695, Marafiki waliendelea na vibali vyao wenyewe. Wapo wanaouona udhibiti huo kama kuua moto wa mwanzo. Mimi naona walikuwa na sababu. Neno moja la mtu mmoja mwenye jazba lilikuwa limeshawapeleka jela watu wengi wasiohusika.

Mkutano wa pili ulihusika na mateso. Ulianza katikati ya miaka ya 1670 kwa kazi ya kukusanya orodha za waliofungwa na walionyang'anywa mali, kisha kuzipeleka kwa mfalme na bunge. Kwa kuwa ulikuwa tayari na mtu wa mawasiliano katika kila kaunti, ulijikuta umebeba pia mambo ya uchapaji na usambazaji. Utaratibu wake ulikuwa rahisi na wa busara. Kitabu kikikubaliwa, mikutano ya mikoani ilitarajiwa kuchukua nakala kadhaa, nyingi kama kitabu ni cha bei ndogo, chache kama ni kikubwa, na kuzilipia. Mpiga chapa alijua kabla ya kununua karatasi kwamba sehemu ya kazi yake imeshapata mnunuzi. Katika biashara ambayo wengi walifilisika kwa kujaza ghala vitabu visivyotoka, dhamana hiyo ilikuwa na thamani kubwa.

Kwa hiyo nani alikuwa mchapishaji wa vitabu vya Wakweka? Jibu langu ni kwamba kazi hiyo ilikuwa imegawanywa. Mkutano wa Asubuhi ulikuwa mhariri. Mkutano wa Mateso na mikoa walikuwa soko na kwa kiasi fulani mtaji. Tace Sowle alikuwa fundi, muuzaji, mtunza ghala na kumbukumbu ya shughuli nzima. Wajumbe wa mikutano walibadilika na kuzeeka, ila yeye alikuwa palepale kwa zaidi ya miaka 50. Nani angejua kama yeye ni kitabu kipi kimekwisha ghalani, kipi kinaulizwa na kipi hakitoki?

Lakini hili la majina halijafunguka bado. Tace alishika kiwanda karibu na mwaka 1691, baba yake alipozeeka. Ulikuwa wakati mzuri, kwa sababu sheria ya uvumilivu ya 1689 ilikuwa imewaruhusu Waprotestanti waliokuwa nje ya kanisa la serikali kuabudu, na Fox mwenyewe alikuwa amefariki Januari 1691, kwa hiyo kulikuwa na maandishi yake mengi ya kukusanya. Baba alifariki 1695, na mwaka huohuo Tace aliingizwa rasmi katika chama cha wenye kazi ya vitabu London kwa haki ya kuwa mtoto wa mwanachama. Haki hiyo haikubagua mtoto wa kike. Hakuwa mjane aliyeachiwa kiwanda, kama wanawake wengi waliomtangulia. Alikuwa mwanamke asiyeolewa, mwenye ufundi na uanachama wake mwenyewe.

Muuza vitabu John Dunton, mtu wa maneno mengi aliyewachora wenzake karibu wote wa London katika kitabu cha maisha yake mwaka 1705, alimsifu Tace kuwa ni mpiga chapa na pia muuza vitabu, anayeijua kazi yake vizuri na kupanga herufi kwa mkono wake. Akaongeza kwamba amekataa kuolewa ili mama yake mzee aendelee kuwa na amri nyumbani. Mwaka uliofuata Tace akaolewa. Dunton hakuwa na bahati na utabiri.

Mumewe, Thomas Raylton, alikuwa mhubiri wa Marafiki kutoka kaskazini mwa Uingereza, na hakulelewa katika kazi ya chapa. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke akiolewa mali yake ya kuhamishika ilihesabika ya mume, na hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake. Mjane alikuwa huru. Jane Sowle, mama yake Tace, alikuwa mjane. Ni mwaka huohuo wa ndoa, 1706, ambapo T. Sowle anatoweka kwenye kurasa za majina na J. Sowle anaingia. Mama alikuwa na miaka mingi, wala hakuna sababu ya kufikiri kwamba ghafla alianza kupanga herufi. Jina lake lilikuwa mwavuli wa kisheria, na chini yake binti aliendelea na kazi kama jana.

Jane alifariki 1711. Kwa akili ya kawaida, hapo ndipo jina la Raylton lingechukua nafasi. Haikuwa hivyo. Yakaja yale maneno ya waliokabidhiwa haki za J. Sowle, kwa maana kwamba haki ya mjane imepita kwa watu wasiotajwa. Raylton mwenyewe alifariki 1723, Tace akawa mjane na huru kabisa mbele ya sheria, lakini bado hakulirudisha jina lake. Maneno yaleyale yaliendelea hadi 1738. Nadhani hapa sheria haikuwa sababu tena. Wateja wa mikoani walishalizoea jina, na jina lililozoeleka ni mali.

Chini ya majina hayo yalipita maandishi yaliyowajenga Wakweka kama watu wenye maktaba yao. Barua za Fox zilikusanywa katika buku kubwa la 1698, na maandishi yake ya mafundisho katika lingine la 1706. Mwaka 1722 ilitoka historia ya Marafiki iliyoandikwa na William Sewel, Mkweka wa Amsterdam. Mwaka 1726 zikatoka kazi za William Penn katika mabuku mawili makubwa. Wanawake walikuwamo pia. Tace alichapa kazi za Elizabeth Bathurst, aliyekuwa amekufa kijana, mashairi ya Mary Mollineux mwaka 1702, na mwaka 1710 mkusanyo mnene wa maandishi ya Margaret Fell, mwanamke aliyetetea kwa hoja za Biblia haki ya wanawake kuhubiri na ambaye baadaye aliolewa na Fox. Mwaka 1708, chini ya jina J. Sowle, ilitoka orodha ya vitabu vya Marafiki iliyotayarishwa na John Whiting, mwandishi kwa mwandishi. Kundi lililokuwa likiwindwa miaka 30 nyuma sasa lilikuwa na katalogi.

Kitabu kimoja hakikuweza kutoka kwake, nacho ni Biblia. Haki ya kuichapa Uingereza ilikuwa ya mpiga chapa wa mfalme na vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Tace angeweza kuchapa kitabu kizima kilichojaa aya, lakini si Biblia yenyewe.

Na habari haikuishia London. Dada yake, Elizabeth, aliolewa na William Bradford, kijana aliyejifunza kazi kwa Andrew. Wawili hao walivuka bahari mwaka 1685 kwenda Pennsylvania, koloni la Penn, Bradford akawa mpiga chapa wa kwanza huko. Aligombana na wakuu wa Marafiki mwaka 1692 kwa kumchapia George Keith, aliyekuwa akiwapinga, akakamatwa, na mwaka uliofuata akahamia New York. Mwana wao, Andrew Bradford, aliyepewa jina la babu yake, alianzisha gazeti la kwanza la Philadelphia mwaka 1719. Benjamin Franklin, ambaye baadaye alikuwa mpiga chapa na mwanasiasa mashuhuri wa Marekani, alipotoroka nyumbani akiwa kijana mwaka 1723, alibisha kwanza kwa mzee Bradford huko New York, naye akamwelekeza kwa mwanawe. Nikifikiria ukoo huu naona jambo la kuchekesha kidogo: huko Marekani tawi moja linafungwa kwa kuikaidi kamati ya Marafiki, na London tawi jingine linaishi kwa kufanya kazi na kamati kama hiyo bila kugombana nayo nusu karne.

Mwaka 1736 Tace, akiwa na miaka 70, alimwingiza kazini jamaa yake Luke Hinde. Miaka mitatu baadaye alimfanya mshirika, na hapo hatimaye jina lake lilirudi kwenye ukurasa wa jina, safari hii likiwa na Raylton mkiani. Alifariki 1749. Hinde aliendelea mpaka alipofariki 1766, kisha mjane wake, Mary Hinde, akakiendesha kiwanda kwa karibu miaka kumi zaidi, mpaka kilipofika kwa James Phillips, Mkweka aliyetoka Cornwall.

Phillips alirithi herufi na mitambo, lakini alirithi pia ule mtandao wa mikoani. Mwaka 1783 Mkutano wa Mateso ulipoamua kuchapa kijitabu cha kulitaka bunge likomeshe biashara ya watumwa, Phillips ndiye aliyekipiga chapa. Zilitolewa zaidi ya nakala 10,000, zikasambazwa na Marafiki wa kila kaunti kwa njia zilezile zilizowahi kubeba barua za Fox. Mwaka 1786 alichapa insha ya kupinga utumwa ya Thomas Clarkson, kijana wa Kianglikana aliyemjia akitafuta mchapishaji. Tarehe 22 Mei 1787 watu 12, tisa kati yao wakiwa Wakweka, walikutana dukani kwa Phillips, nambari 2 George Yard, wakaunda kamati ya kukomesha biashara hiyo. Mwaka 1789 ukatoka katika mtambo wake mchoro wa meli Brookes, wenye miili ya watumwa iliyolazwa ikigusana kama samaki kwenye kopo, ambao ulibandikwa ukutani nchi nzima.

Vitabu vya historia humtaja Clarkson, humtaja Wilberforce, mbunge aliyeipinga biashara hiyo bungeni, na mara mojamoja humtaja Phillips. Mtandao uliowafikishia wasomaji wao maneno yao ulikuwa umeshatumika karibu miaka mia moja kabla hawajauhitaji.